Nyundo ya Dalali na Kalamu ya Mhakiki: Minada ya Picha za Mabingwa wa Kale Ikitazamwa kutoka Nachingwea na Ruangwa

Mwanafunzi wa fasihi akisema anaandika juu ya minada, wenzake humcheka. Kijiweni nimeulizwa zaidi ya mara moja: "Wewe bwana, mnada na uhakiki wapi na wapi?" Swali zuri, na makala haya ndiyo jibu langu. Nakusudia kueleza jinsi picha za mabingwa wa kale zilivyouzwa kwa mnada huko Ulaya katika karne ya 18, na kuonesha kwamba kazi tunayoifanya sisi hapa, yaani kazi ya kutamka kwamba utungo huu ni bora na ule ni hafifu, huu ni wa fulani na ule amesingiziwa, ina ndugu yake wa damu katika vyumba vya minada hiyo. Mtu atasema huko ni mbali. Mimi ni mtu wa Ruangwa, nimesoma Nachingwea, na nilijua mnada ni nini kabla sijajua ubeti ni nini. Kwa hiyo nitaanzia kwetu, kisha tutavuka bahari, na wakati wa kurudi tutapitia Kilwa, maana hakuna namna ya kuikwepa.

Kwanza neno lenyewe. "Mnada" asili yake ni Kiarabu, na maana ya msingi ni kuita kwa sauti. Ndiyo maana mpaka leo mwanasiasa "hunadi" sera zake hata kama hakuna anayezinunua. "Dalali" naye ametoka huko huko, na ndani yake mna maana ya kuonesha njia: ni yule anayemwelekeza mnunuzi kwenye mali. Katika maneno haya mawili, basi, mna sauti na mna kuelekeza. Mtaalamu wa fasihi simulizi angesema tayari tuna fanani na hadhira. Cha ajabu ni kwamba mnada mkubwa kuliko yote kule kwetu, mnada wa korosho, hauna mtu anayepaza sauti ya kupandisha bei.

Kwetu mambo huenda hivi

Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilitungwa mwaka 2005, na kuanzia msimu wa 2007/2008 korosho za kusini zikaanza kuuzwa kwa utaratibu huo. Mkulima hupeleka korosho zake kwenye chama cha msingi, ambacho siku hizi kila mtu hukiita AMKOSI hata asipojua herufi hizo zinasimamia nini. Korosho hupimwa, huangaliwa unyevu na ubora, hupangwa madaraja, hutiwa katika magunia ya kilo 80 na kusafirishwa hadi ghala kuu. Kwa wilaya za Ruangwa, Nachingwea na Liwale, chama kikuu cha ushirika ni RUNALI, ambacho jina lake, kama masikio yanavyosikia, ni silabi za mwanzo za wilaya hizo tatu zilizoshonwa pamoja. Chama kikuu huandaa orodha ya mauzo: ghala gani, daraja gani, tani ngapi. Wanunuzi husoma orodha, huandika bei zao, hufunga bahasha na kuzitumbukiza katika sanduku.

Siku ya mnada sanduku hufunguliwa mbele ya wakulima. Barua husomwa moja moja: jina la kampuni, tani, bei kwa kilo. Kisha wakulima huulizwa kama wanauza au hawauzi. Hapo ndipo sauti huja, nayo hutoka kwa wenye mali, siyo kwa dalali. Kuanzia msimu wa 2024/2025 sanduku limeanza kupisha mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, bei zinapanda katika skrini na watu wanatazama kama wanavyotazama mpira. Lakini swali la mwisho limebaki lile lile: tunauza au hatuuzi?

Naomba msomaji aliweke swali hilo mahali pa salama. Nitalihitaji baadaye.

Jinsi picha zilivyoingia mnadani

Picha za kuchorwa kwa rangi hazikuzaliwa ili ziuzwe mnadani. Raphael na Titian walichora kwa kuagizwa, na aliyeagiza alikuwa papa, mfalme au kanisa. Ni Waholanzi wa karne ya 17, watu wa biashara na wa miji, waliolizoesha soko la wazi la picha. Mfano mashuhuri ni mnada wa Amsterdam wa Mei 1696, ambapo picha 21 za Johannes Vermeer ziliuzwa siku moja. Picha yake ya mtumishi akimimina maziwa, ambayo leo hakuna anayethubutu kuitajia bei, ilikwenda kwa gilda 175. Waholanzi walikuwa pia na namna yao ya kunadi ambayo kwetu ingezua ugomvi: dalali huanza na bei ya juu, kisha huishusha taratibu, na wa kwanza kupiga kelele "Yangu!" ndiye mnunuzi. Ukichelewa kidogo umekosa. Ukiwahi sana umelanguliwa.

Katika karne ya 18 utaratibu huo ulihamia Paris na London na ukawa starehe ya wakubwa. Sababu zake ni tatu na zote ni za kawaida: vifo, madeni na mitindo. Bwana mkubwa alikufa, warithi wakataka fedha taslimu. Au alicheza kamari. Au nyumba ilijengwa upya na zile picha nyeusi nyeusi za watakatifu hazikupatana na kuta mpya. London, Samuel Baker alianza mwaka 1744 kwa kuuza vitabu vya maktaba ya bwana mmoja, akapata pauni 826. Biashara hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Sotheby's. (Wanafasihi tujivune: moja ya nyumba kubwa za mnada duniani ilianza na vitabu.) Tarehe 5 Desemba 1766 James Christie akafungua mauzo yake ya kwanza, na miongoni mwa mali zilizonadiwa, husimuliwa, zilikuwemo shuka, foronya, pasi na vyungu vya kukojolea usiku. Miaka kumi na mitatu baadaye, mwaka 1779, ndiye aliyehusika kuthamini mkusanyo wa picha 204 za familia ya Walpole ulionunuliwa na Malkia Catherine wa Urusi kwa zaidi ya pauni 40,000. Kutoka chungu cha kukojolea hadi kwa malkia!

Mnada wenyewe ulikuwa tamthilia. Kwa siku kadhaa kabla ya mauzo watu waliruhusiwa kuingia na kutazama. Wengi hawakuwa na nia wala uwezo wa kununua. Walikuja kuonekana, kusengenyana, na kujifunza. Tukumbuke kwamba makumbusho ya umma yenye picha yalikuwa bado machache mno. Kwa kijana mchoraji asiye na jamaa mwenye kasri, chumba cha mnada kilikuwa mahali pa pekee pa kuona Rubens kwa macho yake bila kulipa. Kisha siku yenyewe: dalali juu ya jukwaa, mapagazi wakiinua picha, ishara za macho, vidole, fimbo. Nyundo inagonga. Picha inatoka, nyingine inaingia. Picha iliyochorwa kwa miaka miwili ilikuwa na dakika moja au mbili tu ya kusimama mbele ya hukumu.

Katalogi kama utungo

Sasa nifike ninapopapenda. Mali haikuweza kunadiwa bila orodha, na orodha ilihitaji mwandishi. Mwanzoni orodha zilikuwa kavu kama risiti: "Mandhari yenye ng'ombe." "Picha ya mwanamke." Basi. Aliyebadili mambo huko Paris ni Edme-François Gersaint, mfanyabiashara mwenye duka kwenye daraja la Notre-Dame, ambaye alisafiri mara nyingi Uholanzi kununua mali na akarudi na desturi ya katalogi zilizochapishwa. Huyu ndiye rafiki wa mchoraji Watteau, aliyemchorea kibao cha duka mwaka 1720 hadi 1721: ndani yake mnaonekana wateja wakichungulia picha kwa karibu, na pembeni wafanyakazi wanafungasha sura ya Mfalme Louis wa 14 ndani ya sanduku. Mfalme kawa shehena! Kama kuna kejeli iliyotulia kuliko hiyo, sijaiona.

Katika katalogi zake, Gersaint aliacha kuorodhesha na akaanza kueleza. Alisimulia maisha ya mchoraji. Alitaja mahali ambapo mkono umelegea. Alimwambia mnunuzi kwamba picha hii ni nakala, ingawa ni nakala nzuri. Mwaka 1741 Pierre-Jean Mariette naye alitunga katalogi ya michoro ya marehemu Pierre Crozat, ambayo idadi yake ilikuwa kama 19,000, akaieleza kwa kufuata shule za uchoraji na mitindo yao. Gersaint alipofariki mwaka 1750 aliacha mswada wa orodha kamili ya michoro yote ya chapa ya Rembrandt, ukachapishwa mwaka uliofuata. Hiyo huhesabiwa kuwa orodha kamili ya kwanza ya uhakiki ya kazi za msanii mmoja. Kwa lugha yetu: mtu wa duka ndiye aliyetutangulia kufanya ile kazi ya kukusanya diwani ya mtunzi mmoja, kutenga zake na za kusingiziwa, na kutoa maelezo chini ya kila utungo.

Hebu tuichunguze fani ya katalogi. Ina msamiati wake wa ngazi. Picha ikiandikwa jina la bingwa peke yake, maana yake imetoka mkononi mwake. Ikiandikwa "ya shule ya" fulani, imetoka kwa wanafunzi wake. Ikiandikwa "kwa namna ya" fulani, mwandishi anakwambia kwa adabu kwamba bingwa huyo hakuwahi hata kuiona. "Baada ya" fulani ni nakala. Maneno mawili matatu, na thamani inashuka mara kumi, ilhali turubai haijabadilika hata uzi mmoja. Mtu wa Nachingwea haoni ajabu hapo. Amewahi kusimama mbele ya mizani akaambiwa korosho zake ni daraja la pili, na hapo hapo akaona bati za nyumba yake mpya zikipungua. Neno la mpimaji ni uhakiki wenye bei.

Na sisi? Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyezaliwa karne hiyo hiyo ya 18, yalikusanywa baada ya kifo chake kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, na diwani ikahaririwa na William Hichens na kutolewa mwaka 1940. Kila mkusanyaji wa aina hiyo hulazimika kuamua: hili la Muyaka, hili la mpinzani wake, hili la mtu asiyejulikana. Tungo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo ndiyo usiseme. Kuna nyingine ambazo mwandishi mkweli angeziandikia "kwa namna ya Liyongo" na kuendelea na safari. Yaani tunatumia ngazi zile zile za Gersaint, ila hatuzitangazi.

Nisiwapambe sana watu wa katalogi. Walikuwa wauzaji. Kila sifa iliyoandikwa ilikuwa na shilingi nyuma yake, na wengi hawakuwa na uaminifu wa Gersaint. Kilichobaki cha kweli mara nyingine kiko pembezoni. Mchoraji Gabriel de Saint-Aubin alikuwa na mazoea ya kuhudhuria minada ya Paris akiwa na katalogi mkononi, na ukingoni mwa kila ukurasa akachora kwa kalamu kipicha kidogo cha kila mali ilipopita, kidogo kama ukucha. Picha nyingine zimetambuliwa baadaye kwa msaada wa vichoro hivyo. Nawaambia wenzangu mnaochorachora pembezoni mwa vitabu vya maktaba: endeleeni, ila kwa penseli.

Aliye hai auzwe bei gani?

Jina "mabingwa wa kale" lenyewe linaficha hoja. Bingwa wa kale sifa yake ya kwanza ni kwamba amekufa. Hawezi kuongeza kazi sokoni na kushusha bei, na hawezi kudai kitu. Basi walio hai walifanyaje?

William Hogarth wa London alilichukia jambo hili kwa moyo wake wote. Mwaka 1745 aliamua kuuza picha zake mwenyewe bila madalali: wanunuzi waliandika bei katika daftari, na saa ya ukutani ndiyo iliyotawala. Kadi ya kuingilia aliichora kama vita: majeshi ya picha kuukuu za watakatifu na miungu ya Kigiriki yamejipanga kwa safu, yanazishambulia picha zake mpya na kuzitoboa. Mwaka 1751 akaja na mfululizo wa picha sita unaosimulia ndoa ya kitajiri iliyofungwa kwa ajili ya fedha na kuishia katika mauti. Riwaya kamili, mwanzo, kilele na mwisho, bila neno. Siku ya mnada watu karibu hawakuja. Picha zote sita zilikwenda kwa gine 120, na gine moja ni shilingi 21. Fremu peke yake zilikuwa zimemgharimu gine nne kila moja. Mwaka 1797, Hogarth akiwa kaburini zaidi ya miaka thelathini, picha hizo zilinunuliwa na tajiri Angerstein, na kwa mkusanyo wake ndipo Nyumba ya Taifa ya Picha ya London ilipoanzishwa mwaka 1824. Hapo sasa Hogarth naye kawa "bingwa wa kale".

Sisi tunaye wetu, tena jirani. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 Tunduru, wilaya inayopakana na Nachingwea. Alianza kuchora Dar es Salaam karibu na mwaka 1968, juu ya vipande vya ubao laini, kwa rangi zile zile za mafuta za kupakia baiskeli, na picha ziliuzwa bei ya mboga. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi. Kazi zake hazizidi miaka minne. Leo zinanadiwa Ulaya na Nairobi, na swali la kwanza katika kila katalogi ni lile la Gersaint: mkono wake mwenyewe, au wa ndugu na wanafunzi walioendeleza mtindo ule ule? Aliyechora chui kwa bei ya mboga hayumo chumbani.

Tukigusa swali la mali imetoka wapi, tusipite bila kutaja barakoa ya Kimakonde iliyoibwa mwaka 1984 katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata ilinunuliwa na Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Ilirudishwa Tanzania mwaka 2010, baada ya mazungumzo ya miaka mingi. Mstari wa historia ya umiliki, ambao katalogi za karne ya 18 ziliuandika kwa kujigamba ("ilikuwa ya Mtukufu fulani"), siku hizi ndio mstari unaosomwa kwa miwani.

Hila za mnadani

Hapa nitapita haraka, kwa sababu hila ni zile zile dunia nzima. Wafanyabiashara wa London walikuwa wakikubaliana wasishindane: mmoja anasema bei ndogo, wengine kimya, picha inachukuliwa rahisi, halafu jioni wanakutana faraghani kuinadi tena wao kwa wao na kugawana faida. Muuzaji naye aliweka watu wake kati ya hadhira wapandishe bei ya uongo, au akainunua mali yake mwenyewe kisiri isitoke kwa bei ya aibu.

Bibi yangu hakuwahi kusikia jina la Christie. Lakini alikuwa akikaa mnadani na kanga yake kichwani, anasikiliza barua zinavyosomwa, na bei zikifuatana kwa tofauti ya shilingi mbili tatu alisema tu: "Hao wamelala nyumba moja." Alikuwa mhakiki wa matini, kwa sababu alisoma kilichoachwa kusemwa. Na kuna hila nyingine isiyongoja hata mnada: kangomba. Mchuuzi anakwenda kijijini mwezi wa njaa, anamkopesha mkulima fedha kidogo au anampimia korosho kwa chombo chake, na mali inakuwa imeshauzwa kabla ya kufika mizani. Nitaonesha sasa hivi kwamba malkia wa Urusi naye alikuwa na kangomba yake.

Kilwa

Mwaka 1772 mkusanyo mashuhuri wa picha wa familia ya Crozat ulikuwa unangojewa na Paris nzima. Mwenyewe, Louis-Antoine Crozat, alikuwa amefariki, na kila mpenda picha alihesabu siku za mnada. Mnada haukufika. Catherine wa Urusi, akisaidiwa na mwandishi Denis Diderot, aliununua wote jumla, picha zipatazo 400, kwa livre 460,000. Wapenzi wa sanaa wa Paris walilalama. Miongoni mwa picha hizo ilikuwemo Danaë ya Rembrandt, ambayo bado iko Urusi.

Diderot huyu ndiye tunayemsoma kama baba wa uhakiki wa picha. Lakini fedha za Crozat zilitoka wapi? Baba wa marehemu, Antoine Crozat, alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa kabisa wa Ufaransa, na biashara yake mojawapo ilikuwa kusafirisha watumwa kutoka Afrika kwenda katika makoloni.

Miaka minne baada ya mauzo hayo, Septemba 1776, Mfaransa Jean-Vincent Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa. Sultani angempatia watu 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20 kila mmoja, kwa ajili ya visiwa vya Ufaransa vya Bahari ya Hindi. Watu hao hawakuokotwa ufukweni. Walitoka bara, na njia za misafara kati ya Ziwa Nyasa na Kilwa zilipita katika nchi hii hii ya kusini tunayoizungumzia. Msomaji anivumilie nifanye hesabu. Piasta moja ilikuwa sawa na livre tano na kidogo. Mtu mmoja wa Kilwa, basi, kama livre 105. Gawanya fedha za Catherine kwa idadi ya picha: kila picha, kwa wastani, livre 1,150. Picha moja ni watu kumi au kumi na mmoja.

Sisemi kwamba Rembrandt ana hatia. Alikufa mwaka 1669. Nasema kwamba neno "bei" katika karne hiyo lilikuwa moja, na vinywa vilivyolitamka mbele ya turubai vililitamka pia mbele ya watu. Mhakiki anayeuchambua mtindo wa katalogi bila kuuona mkataba wa Morice ameisoma nusu ya ukurasa.

Na upande huu wa bahari, katika miaka ambayo haiko mbali na hiyo, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate alitunga Al-Inkishafi. Tumeufundishwa utenzi huu kama mawaidha ya kidini, na ni kweli. Mimi napenda kuusoma kando ya katalogi ya mnada. Mbinu ni ile ile, mbinu ya orodha: nyumba za matajiri, taa, vyombo vya kauri katika vidaka vya ukuta, vitanda, watumishi. Mwandishi wa katalogi huorodhesha mali ya marehemu ili roho yako itamani. Mtunzi wa Pate huorodhesha mali ya marehemu ili roho yako itetemeke. Laiti siku moja mtu angeziweka tungo hizi mbili pamoja katika mtihani wa nadharia!

Tunauza au hatuuzi

Sasa lile swali nililoomba liwekwe. Katika minada yote niliyoieleza, ni nani aliyeruhusiwa kusema "hapana"? Vermeer alikuwa amekufa. Hogarth alikuwepo, akaona watu hawaji, akauza. Mtu wa Kilwa alikuwepo mwili wote, na hakuulizwa.

Oktoba 2018 minada ya mwanzo ya msimu wa korosho ilipofunguliwa kusini, wakulima walizisikia bei na wakasema hatuuzi. Mvutano ukapanda mpaka Ikulu. Tarehe 12 Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakatumwa kuisomba. Yaliyofuata yalikuwa marefu, na wapo waliongoja malipo kwa miezi. Lakini ninachotaka kukitazama ni neno moja. Kabla ya kumlipa mkulima, hasa mwenye mzigo mkubwa, zilitumwa timu vijijini kuhakikisha kwamba korosho ni zake kweli na siyo za kangomba. Mtu aliombwa aoneshe shamba, mikorosho ihesabiwe, na kilo zake zilinganishwe na miti. Vijijini, redioni na magazetini kazi hiyo iliitwa kwa jina moja tu: uhakiki.

Mzee mmoja wa kijiji cha jirani na kwetu alikuwa na gunia nyingi kuliko miti iliyohesabiwa, kwa sababu korosho za watoto wake watatu ziliandikwa kwa jina lake. Timu ilimwuliza zipi za mkono wake na zipi si zake. Akawapeleka ghalani, akachota konzi moja, akaanza kuzitenga juu ya mkeka: hizi za bondeni, nyeusi kidogo, za mtoto mkubwa, hizi za mlimani, ndogo lakini nzito, zangu, hizi ziliokotwa mvua ikiwa imeshanyesha. Vijana wa timu waliandika.